Fremu Iliyokisiwa

"Naetwe ni yupi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la kila mgeni aliyeingia Nyumba ya Kifuatilizi, na Senkondo Mbwambo, ambaye meza yake ilikuwa karibu na mlango, alikuwa amechoka kulijibu. Siku hiyo wageni walikuwa watatu, wawili kutoka Kumasi na mmoja kutoka Hanoi. Walimsalimia kwa adabu. Jina lake hawakuliuliza.

"Yule pale dirishani," alisema, akionyesha kwa kidevu.

Wakampita kama mtu apitavyo nguzo ya umeme. Nyuma yake akasikia viti vikivutwa, vicheko, kisha yule wa Hanoi, kwa Kiswahili chake cha darasani, akieleza kwamba chuoni kwao wanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma kwanza maswali ya Naetwe Mgonja ndipo waruhusiwe kuandika msimbo wowote. Senkondo alikaza macho kwenye kioo cha kompyuta yake. Chai ilikuwa imeshapoa. Akainywa hivyo hivyo, apate la kufanya.

Kifuatilizi kilikuwa chake. Alikiandika akiwa kijana, katika chumba cha kupanga pale Same, wakati ambapo hakuna aliyejua kazi yake itakuwa nini. Siku zile mashine zilikuwa tayari zinagawa maji ya milima yote ya Upare, zinapima dawa, zinafungua milango. Na kila mtu alikuwa na kinong'ono nyuma ya sikio, kidude kidogo cha kuzungumzia nazo. Ukinong'ona, mashine inatii. Mambo yakiharibika, watu waliuliza: nani alinong'ona? Hapakuwa na wa kujibu.

Senkondo ndiye aliyetafuta jibu. Mashine ikipewa kazi, kwanza hujiwekea kumbukumbu ya nani kaituma na irudi wapi ikimaliza. Katikati ya kazi hiyo huzaa kazi nyingine, ambayo nayo hujiwekea kumbukumbu yake, na kumbukumbu hizo hupandana kama sahani kabatini. Sahani moja waliiita fremu. Sahani zote, mrundo. Kifuatilizi kilishika sahani ya juu kabisa, ile ya tendo lenyewe, kikateremka moja baada ya nyingine kikiuliza, "Na wewe ulitumwa na nani?", mpaka kimfikie mtu. Hiyo safari waliiita mnyororo. Na mnyororo ulipoanza kuaminiwa, Baraza la Mwito liliundwa kuhukumu makosa yaliyopita kwenye mashine, na sheria ikawa fupi: anayekutwa chini ya mrundo ndiye aliyetenda.

Miaka yote hiyo Senkondo alikuwa mtu wa kusikilizwa. Kisha akaletwa Naetwe, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekuja kusafisha msimbo wa zamani. Hakusafisha kitu. Alikaa akiusoma, na pembeni ya mistari, pale ambapo waandishi huweka maelezo yasiyoigusa mashine, akaanza kuandika maswali. Fremu mbili zikifanana kwa kila kitu, tunajuaje kuwa ni mbili na si moja tuliyoiona mara mbili? Fremu ya chini kabisa ndiyo mwanzo wa mambo, au ni mahali tulipochoka kutafuta? Hakujibu hata moja. Aliandika tu nani angeweza kujua, nini kimeshajaribiwa, kwa nini jibu bado halijapatikana.

Senkondo aliposoma lile la kwanza alitabasamu. Lile la pili lilimkera, kwa sababu lilikuwa zuri. Yalipokuwa mengi, na watu wa mbali wakaanza kuyanakili na kuyajadili, alianza kupita pembeni ya meza ya Naetwe bila kumwangalia. Mimi nimejenga nyumba nzima, alijisemea. Yeye ameuliza tu mlango uko wapi, na sifa zote zimekwenda kwake.

*

"Baraza wanakutaka wewe," alisema Bi. Joha Kiluvia, mkuu wa nyumba, mama mnene aliyevaa miwani juu ya kichwa na kuisahau huko. Alikuwa amefunga mlango wa ofisi.

"Mimi? Si Naetwe?"

"Wamesema mwenye msimbo. Mwenye msimbo si wewe?"

Senkondo aliona kifua kikimjaa. Alijikaza asicheke kama mtoto.

Kesi yenyewe alikuwa ameisikia kama kila mtu. Mgawaji, ile akili ya mashine iliyogawa maji, alifungua Lango la Juu mchana kweupe wakati bwawa limejaa. Maji yakashuka Mabondeni na kuondoka na nyumba, mbuzi, na bibi mmoja aliyeitwa Nanzia, aliyekuwa ameketi barazani akipepeta mchele. Mnyororo ulitolewa siku ile ile. Chini kabisa ya mrundo palikuwa na sauti ya Heriel Mchome, mlinzi wa lango.

"Wanataka mtu wa kusimama na kusema mnyororo ni wa kuaminika," Bi. Joha alisema. "Basi. Heriel anakana, lakini anakana kama mtu asiyejiamini. Ukishamaliza kusema, watamnyamazisha."

Kunyamazishwa maana yake ni kung'olewa kinong'ono na jina lako kufutwa masikioni mwa mashine zote. Hufungwi, hupigwi. Unasimama tu mbele ya mlango wa zahanati na mlango haukuoni.

Alipotoka, Naetwe alikuwa akimngoja ukumbini.

"Kaka Senkondo, nimesikia unakwenda Baraza. Hongera."

"Asante."

"Lile badiliko langu bado liko kwako. Lile la rangi." Alisema taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Linasubiri ruhusa yako tangu mvua za vuli. Ningependa uliangalie kabla hujaenda."

"Nitaliangalia."

Alilijua vizuri. Alikuwa ameliacha pale kwa makusudi, siku baada ya siku, akijiambia kwamba ana kazi nyingi. Halikuwa badiliko kubwa. Lilitaka fremu fulani zitokee kwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Lakini juu yake palikuwa na swali, na swali lile lilikuwa limekaa pembeni ya mistari ambayo Senkondo aliipenda kuliko yote aliyowahi kuandika.

*

Mistari ile aliiita mruko. Kabla ya mruko, Kifuatilizi kilikuwa kikikutana na fremu iliyoharibika, isiyojua imetumwa na nani, kinasimama na kuandika: haijulikani. Nusu ya minyororo iliishia hapo na watu walikicheka. Ndipo Senkondo akabuni namna ya kuvuka. Mahali penye pengo, Kifuatilizi kingetazama chini zaidi katika mrundo, kichague fremu inayoelekea zaidi kuwa ndiyo iliyotuma, kiruke, kiendelee. Ilifanya kazi vizuri mno. Neno haijulikani likatoweka, Baraza likazaliwa, na Senkondo akapata meza ya karibu na mlango.

Alasiri hiyo aliufungua mrundo wa Lango la Juu, uliogandishwa sekunde ile ile maji yalipoachiwa, akaanza kuteremka kwa mkono, fremu kwa fremu. Lango limefunguliwa. Na nani? Na kazi ya kupunguza bwawa. Iliyotumwa na nani? Na kazi ya tahadhari ya mvua. Nayo je? Hapo kioo kilisita kidogo sana, kwa namna ambayo ni yeye peke yake duniani angeweza kuitambua, kisha kikaonyesha: sauti ya Heriel Mchome, lango la juu.

Akarudi nyuma. Akakiagiza Kifuatilizi kisiruke.

Haijulikani.

Fremu ya tahadhari ilikuwa imeliwa katikati. Pale palipotakiwa kuandikwa aliyetuma palikuwa na takataka. Sauti ya Heriel ilikuwepo kweli chini yake, lakini huenda ilikuwa ni salamu ya asubuhi, au ameuliza hali ya hewa, kama walinzi wafanyavyo. Huenda pia alisema fungua. Hapakuwa na namna ya kujua, sasa wala baadaye. Kifuatilizi kilikuwa kimebuni, na kikaandika ubunifu wake kwa wino ule ule mweusi.

Pembeni ya mistari ya mruko, swali la Naetwe lilikuwa likimtazama.

Swali: fremu hii imeonekana, au imekisiwa? Anayesoma mnyororo atajuaje tofauti? Aliyeandika hapa alikuwa na sababu nzuri, naiona na ninaiheshimu. Sijui kama sababu hiyo inatosha pale mtu anapohukumiwa.

Naiheshimu. Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Alikaa hapo muda mrefu. Akitoa habari hii, Heriel ataachiwa, sawa. Lakini kitakachosomwa mbele ya Baraza si msimbo wake, ni swali la yule binti. Litaingia katika sheria, na wale wa Hanoi watalifanyia sherehe. Na yeye atakuwa nani? Atakuwa aliyekosea pale ambapo Naetwe aliona.

Akaenda kwa Bi. Joha. Akamweleza kwa maneno machache, akitumaini kuamriwa lolote.

Bi. Joha alitafuta miwani yake mezani, akaikosa. "Huo mruko wako hukosea mara nyingi?"

"Mara chache. Tulipoupima kwenye mirundo mizima, mara chache sana."

"Basi ukiulizwa kama huwa unakosea, sema mara chache." Aliacha kutafuta miwani. "Senkondo, ujue tu, mruko ukianguka, si Heriel peke yake. Kuna waliokwisha kunyamazishwa. Mimi sikuambii useme nini."

Na hakumwambia.

Alipokuwa akifunga mkoba, Naetwe alimfuata. "Uliangalia, kaka?"

"Niliangalia. Kila kitu kiko sawa."

Alimwona akiitikia kwa kichwa, akimwamini, na kwa jambo hilo pia akamchukia.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Upande mmoja walikaa watu wa Mabondeni, na mbele yao Eliwaza, binti wa marehemu, amejifunga kanga nyeusi, mikono imelala mapajani kama vitu visivyo vyake. Upande wa pili Heriel Mchome alikuwa peke yake. Senkondo alikuwa amemtarajia mtu mkorofi. Alikuta mtu wa makamo aliyenyoa vibaya, shati limepigwa pasi kwa bidii.

Mwenyekiti wa Baraza, mama wa Kisambaa mwenye sauti nzito, alianza na Heriel. "Mnyororo umeusikia. Bado unasema hukunong'ona lango lifunguliwe?"

Heriel alisimama.

"Mheshimiwa, mwanzo nilikana. Sasa sijui. Siku ile nilikuwa na homa. Nakumbuka niliuliza kama mvua inakuja. Zaidi ya hapo sikumbuki." Alitazama sakafu. "Nyumbani nimekaa nikafikiri, mimi ni nani hata nibishane na mnyororo? Nasikia aliyekiandika hiki kitu ni mtu makini sana. Kama kimesema nilifungua, basi labda nilifungua. Nimeanza hata kuota nikilifungua. Namwomba Eliwaza anisamehe."

Eliwaza hakunyanyua macho.

Mwenyekiti akamgeukia Senkondo. "Bwana Mbwambo, wewe ndiye mwenye Kifuatilizi. Tuambie, tuuamini mnyororo huu?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Kwa miaka alikuwa ameingoja hali hii hasa, macho yote kwake, na jina lake limetamkwa vizuri. Alisimama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, neno moja tu. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mtu aliyeng'olewa kumbukumbu zake mwenyewe na kubandikwa nyingine, na iliyozibandika ni mistari ile aliyoipenda.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna swali ambalo nimekuwa nikijiuliza kwa muda. Kwamba fremu ikiwa..."

Alijisikia akisema, na alijua alichokuwa anafanya. Alikuwa analiiba. Hata hapa, hata sasa, mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni mwa mwenzake.

"Hapana," alisema. "Si mimi niliyejiuliza. Mimi nililikasirikia. Aliyeuliza ni Naetwe Mgonja, na aliliandika waziwazi pembeni ya msimbo wangu, nami nikaliacha likae."

Akalisoma lote, pamoja na ile sehemu ya heshima. Kisha akaeleza mruko kwa maneno ya mtaani: kwamba daraja lilikatika, Kifuatilizi hakikuona nyayo ng'ambo, kikaona mtu wa kwanza aliyesimama kule kikasema ni huyu. Kwamba Heriel huenda alifungua na huenda hakufungua. Kwamba hajui, na hakuna atakayejua.

Minong'ono ikapanda. Mwenyekiti akagonga meza. Kabla hajasema neno, Eliwaza alikuwa amesimama.

"Baba," alimwambia Senkondo, kwa upole uliomtisha kuliko kelele. "Kwa hiyo mama yangu ameuawa na nani?"

"Haijulikani."

"Haijulikani ni jina la mtu?"

Eliwaza alisogea hatua moja mbele.

"Jana nilikuwa na mtu wa kumchukia," Eliwaza alisema. "Wewe ulinipa. Leo umekuja kumchukua. Nikifika nyumbani nitamwambia nini baba, amelala kitandani hali chakula?" Akajifunga upya kanga yake, akatoka, na watu wa Mabondeni wakainuka mmoja mmoja wakamfuata. Heriel alibaki amesimama. Hakuonekana kama mtu aliyeokoka. Alikuwa akiviangalia viganja vyake, kama anayeviuliza vilikuwa wapi siku ile.

*

Yaliyofuata yalikwenda kama alivyojua yatakwenda. Baraza lilisimamisha mruko. Rangi ya kijivu kwa fremu zilizokisiwa ikaruhusiwa, na jioni ile ile minyororo ya zamani ilipopitishwa upya, kijivu kilijitokeza mahali pengi mno. Waandishi wa habari walijaa Nyumba ya Kifuatilizi wakiuliza Naetwe ni yupi. Senkondo aliwaonyesha kwa kidevu. Alikuwa ametegemea kwamba, baada ya kusema kweli, ule wivu ungemtoka. Haukutoka. Alimwona akipigwa picha dirishani, amejikunyata kwa aibu, akageuza kiti chake kuelekea mlango.

Naetwe alimjia wageni walipoondoka. Hakumshukuru, na Senkondo alifurahi kwa hilo.

"Baraza wametaka watu waliokwisha kunyamazishwa waambiwe uso kwa uso," alisema. "Wa kwanza ni Mama Zebida Kajiru. Alikuwa muuguzi. Mnyororo ulisema yeye ndiye aliyeongeza dawa iliyomuua mgonjwa. Fremu yake ni ya kijivu." Alisita. "Anaishi juu, kijiji cha Mamba. Kaka, kama unaona ni zito, nitakwenda mimi. Watu wananipokea vizuri siku hizi."

"Najua wanakupokea vizuri."

Naetwe alishtuka kwa ukali wa sauti yake.

"Samahani," Senkondo alisema. "Naetwe, nitakwambia kitu, usinijibu. Nakuonea wivu. Tangu ulipokuja. Badiliko lako nililikalia kwa ajili hiyo, si kwa kingine. Hata sasa, ukienda wewe, mama yule atakupenda, nami nitaona umeninyang'anya. Maswali ni yako. Hili ni langu, niachie."

Naetwe alimwangalia. Akataka kusema, akakumbuka ameombwa asijibu. Akarudi mezani kwake, na Senkondo akamwona amekaa mbele ya kioo kilichozimwa.

Njia ya Mamba ilikuwa na ukungu. Gari lilimteremsha mahali barabara inapoishia, akapanda kwa miguu kati ya migomba na tangawizi, akihema, akiuliza njia. Walimwonyesha kwa vidole bila kutaja jina la mwenye nyumba. Mbele ya kila nyumba aliyoipita, taa za milango ziliwaka kumtambua, kisha zikazima. Ile ya mwisho haikuwaka. Mlango wake ulikuwa wa mbao, umetengenezwa na mtu asiye fundi, na badala ya kitasa palikuwa na kipande cha kamba.

Hakuwa amewahi kugonga mlango tangu utotoni. Hakujua apige kwa nguvu kiasi gani. Akapiga kwa vifundo vya vidole, akangoja, akapiga tena.

"Hodi."

Kamba ikasogea. Aliyefungua alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimeingia mvi upande mmoja, kovu dogo nyuma ya sikio pale kinong'ono kilipokuwa. Unga ulikuwa umemganda mikononi. Alimtazama juu mpaka chini, mkoba, viatu vya mjini vilivyojaa tope.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Watu wa mjini hawaji hapa wenyewe. Nani amekutuma?"

"Sikutumwa, mama," Senkondo alisema. "Naitwa Mbwambo. Mimi ndiye niliyekiandika kile kitu kilichosema ni wewe."

Unga ulimpukutika Mama Zebida vidoleni. Kwa muda Senkondo alidhani atampiga, na hakusogea.

"Kilisema kweli?" aliuliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelibeba swali hilo mwenyewe, usiku na mchana, bila mtu wa kumuuliza. "Kwa sababu mimi sikumbuki. Nimejaribu. Sikumbuki."

"Hakikujua," Senkondo alisema. "Kilikisia. Nami niliacha kiseme kama kinajua."

Mama Zebida aliuegemea mwimo wa mlango. Pumzi ilimtoka polepole, ndefu, kisha akajifuta uso kwa mgongo wa mkono na kubaki na alama nyeupe shavuni. Akatazama nyuma, jikoni, ambako kitu kilianza kunukia kuungua.

"Ngoja niipue sufuria," alisema. "Halafu utaniambia tena hilo neno. Taratibu."

Akaingia ndani, akauacha mlango wazi.